Bwawa jipya: Sato atangulie, kambare afuate

Msikilizaji wetu mmoja wa Kimali alichimba bwawa, akanunua vifaranga wa sato na wa kambare, akawamwaga wote siku moja. Miezi michache baadaye alivuta wavu akapata kambare wachache wanene. Sato walikuwa wa kuhesabu. Hela ya vifaranga ililiwa ndani ya maji yake mwenyewe.

Kambare, au mumi, hula wadudu, pumba na samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake. Sato mwenye ukubwa wa kidole kwake ni chakula.

Basi kwa nini tumfuge kabisa? Kwa sababu sato naye ana tatizo lake. Madume na majike wakiwa pamoja huanza kuzaana wakiwa na miezi mitatu hivi, tena wakiwa bado wadogo. Bwawa hujaa watoto, chakula hakitoshi, na wote wanadumaa. Hapo ndipo kambare anapofaa: anakula watoto, wakubwa wanapata nafasi ya kunenepa. (Ukinunua sato madume matupu, kazi hiyo haipo.)

Kwa hiyo anza na maji. Weka samadi, subiri yawe ya kijani. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha asili kipo. Weka sato. Ukishaona makundi ya watoto pembezoni, ndipo ulete vifaranga wa kambare, wachache, na wawe wadogo kuliko sato uliotangulia kuwapandikiza.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hili kwa ukubwa wake. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akala furu, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Ziwa ni kubwa mno. Bwawa lako ni dogo, hesabu yake huharibika haraka zaidi.

Jambo moja watu hulisahau. Kambare hupumua hewa na huweza kutambaa kwenye ardhi yenye maji, hivyo mvua zikinyesha anaweza kuingia mwenyewe kupitia mfereji. Funga wavu wenye matundu madogo kwenye bomba la kuingizia maji, na uinue kingo. Ukivuna, kausha bwawa na upekue tope kabla ya kupandikiza upya, maana kambare hujificha humo.