"National" na "nationwide" haiko kitu kimoja

Bandugu ba Kapata, ukiandika barua ya kazi mu Kingereza kwa kampuni ya migodi, chunga neno hili. Kifaransa kinatuzoeza kusema "national" kwa kila kitu. Kingereza kinagawanya. "National" ni kitu cha inchi: SNEL, iliyoundwa 1970, ni kampuni "national". "Nationwide" ao "countrywide" ni kitu kinachofika inchi nzima: Examen d'État inafanyika "nationwide", Kolwezi sawa na Kinshasa. Lakini umeme wa SNEL haufiki kila kijiji. Ule hauko "nationwide". Na wewe, kama ulizunguka Lualaba yote, andika "province-wide". Ukiandika "nationwide", siku ya entretien watakuuliza: Goma ulifika lini?