Umri wa Nyanya Zetu Usizikwe Pamoja Nao

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Usemi huu husikika sana matangani anapoondoka mzee wa umri mkubwa, kisha waombolezaji hutawanyika bila ya yeyote kuuliza marehemu aliona nini hasa, na aliishi miaka mingapi. Kwetu Lafey, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, maswali hayo mawili ni swali moja. Kwa wafugaji wa huko, umri wa mtu ndiyo orodha ya mambo aliyoyashuhudia.

Msomali wa kale hakuhesabu umri wake kwa tarehe. Alihesabu gu', yaani masika, yale majira ya mvua kuu yanayoanza baina ya Machi na Aprili. Mtu wa gu' tisini ni mtu aliyezingojea mvua hizo mara tisini, zikiwemo zile zilizokataa kunyesha. Miaka migumu ilipewa majina. Ukame wa 1974 na 1975, kwa mfano, uliitwa Dabadheer, maana yake mwenye mkia mrefu, kwa kuwa haukutaka kwisha. Hata neno la Kisomali la umri, da', hulingana kwa sauti na kitenzi kinachotumika mvua inaponyesha. Sisi wanaisimu hufunzwa kwamba mlingano wa sauti si ushahidi wa asili moja, lakini nyanya yangu hangesumbuka na tahadhari hiyo.

Kipande cha nyanya yangu kilisema kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1935. Tarehe hiyo ya 1 Januari waijua Wasomali wengi, kuanzia Mandera hadi Minneapolis: ndiyo siku ambayo makarani humpa mtu asiyejua siku yake. Ama mwaka wenyewe, ulitokana na karani kumtazama usoni na kukisia. Mwenyewe alisimulia mengine. Alisema kwamba mizinga ya Wataliani na Waingereza iliponguruma El Wak, kusini-magharibi mwa Lafey, yeye alikuwa bibi harusi mpya, akisuka mikeka ya nyumba yake ya kwanza. Vita vya El Wak vilipiganwa tarehe 16 Desemba 1940, wakati askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, waliposhambulia kituo cha Wataliani. Tukikifuata kipande, bibi harusi huyo alikuwa mtoto wa miaka mitano! Tukiyafuata masimulizi, hakupungua miaka kumi na sita. Basi alizaliwa yapata 1924 au kabla yake, na alipofariki katika ukame wa 2011 alikuwa akikaribia miaka tisini. Kalamu moja ilikuwa imemfutia miaka kumi na zaidi.

Yamkini msomaji atauliza: miaka kumi ya ajuza mmoja ina uzito gani? Jawabu ni kwamba anayepokonywa miaka hupokonywa na ushahidi. Kizazi chake kiliishi katika wilaya iliyofungwa kwa sheria ya kikoloni ya 1926, ambapo mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Kilikuwa na watoto wa kulea tume ilipokuja mwaka 1962 kuwauliza wakazi wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini kama walitaka kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Kiliona hali ya hatari ikitangazwa tarehe 28 Desemba 1963, kikapita vita vya Shifta hadi 1967, na sheria za hali hiyo hazikuondolewa ila mwaka 1991. Kilipokea habari za mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, ya Februari 1984. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2013, na mengi yaliyomo yalitoka vinywani mwa watu wa kawaida. Shahidi ambaye karatasi yasema alikuwa mtoto mchanga wakati wa tukio, nani atamsadiki?

Kuna upotevu wa pili, na huu tumejifanyia wenyewe. Wasomali twajivunia abtirsi, elimu ya kuhesabu mababu, ambayo mtoto hufunzwa kabla hajajua kusoma. Akiulizwa yeye ni nani, hutaja jina lake, la baba, la babu, na kuendelea vizazi kumi, ishirini, hata zaidi. Jina la babu yangu ndilo jina langu la tatu. Limo katika shahada zangu, na wanafunzi wangu hulisoma mlangoni pangu. Kwa njia hiyo babu hajaondoka kabisa. Lakini mnyororo wa abtirsi ni wa wanaume. Nyanya, aliyeishi miaka mingi zaidi kuliko mumewe, jina lake halimo. Vizazi viwili vikipita, hapana atakayelitaja.

Na pamoja na jina hupotea lugha. Nyumba ya mfugaji, aqal, ni kazi ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Wao hupinda miti, husuka mikeka, huisimamisha nyumba, huibomoa na kuifunga juu ya ngamia siku ya kuhama. Wao pia husuka haan, chombo cha maziwa, na kukifukiza kwa moshi wa miti maalumu ili maziwa yasiharibike. Kila mti, kila fundo na kila aina ya moshi ina jina lake. Kisomali kilipata maandishi rasmi nchini Somalia mwaka 1972, na tangu hapo mashairi mengi ya wanaume yamechapishwa. Buraanbur, utungo wa wanawake, haukupata nafasi sawa katika vitabu, na msamiati wa aqal hufifia kila familia inapohamia nyumba ya mabati.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu za wazee huchanganya mambo. Ni kweli, huchanganya. Lakini karani aliyekisia kwa kutazama uso alichanganya zaidi, na kosa lake likagongwa muhuri. Dawa ya kumbukumbu ni kuilinganisha na tukio lenye tarehe inayojulikana, kama nilivyofanya na El Wak, na kumwuliza mzee wa pili. Ndivyo mwanahistoria afanyavyo na waraka wowote ule.

Kwa hiyo nawaomba walimu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, na mtaala wa umilisi umetenga somo la lugha hizo katika madarasa ya kwanza matatu. Somo hilo lisiishie kwenye majina ya wanyama. Mpeni kila mwanafunzi mzee mmoja aliye hai, na aanze na nyanya. Asimwulize alizaliwa lini, kwani hilo ni swali la karani. Amwulize ni ukame upi uliomaliza mifugo kabla hajaolewa, ni nzige wa mwaka gani aliowaona, ni askari gani waliopita na wakisema lugha gani. Aandike majibu kwa lugha ya nyanya mwenyewe, na jina lake kamili, pamoja na la mama yake, aliweke juu ya ukurasa. Watoto wa leo nao wana alama zao: nzige walioingia kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba 2019, na ukame uliofuata kuanzia 2020 hadi 2023. Wajukuu wao watawauliza.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, nilijaza madaftari mawili kwa maneno ya nyanya yangu wakati wa likizo. Hayo ndiyo maandishi pekee yanayoutaja umri wake wa kweli. Kiswahili humwita aliyefariki marehemu, na Kisomali humwita marxuum. Maneno yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu, lenye maana ya aliyerehemewa. Rehema ni ya Mwenyezi Mungu, nasi twamwombea. Kuandika ni kazi yetu. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko hukwanguliwa jungu likiwa bado lipo jikoni.