Ritifaa Inayokwamisha Kanzidata

Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa harakaharaka unaweza kukaa Dar es Salaam mwaka mzima bila kuonyesha kasoro, ukaletwa Kishapu, mkoani Shinyanga, ukakwama siku ya kwanza. Kinachoukwamisha ni ritifaa, ile alama ndogo iliyomo katika majina ya Kisukuma kama Ng'wandu, Ng'wigulu na Ng'wanamalundi.

Tuchukue AMCOS, yaani ushirika wa msingi, ya wakulima wa pamba. Karani wa mizani anaingiza jina la mkulima, kijiji, kilo na namba ya simu itakayopokea malipo. Taarifa hizo hukaa kwenye kanzidata, na lugha ya kuihoji ni SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM katika miaka ya 1970. Kumtafuta mkulima mmoja, swali huandikwa hivi:

SELECT * FROM wakulima WHERE jina = 'Kulwa'

Jina limewekwa kati ya ritifaa mbili ili kanzidata ijue linapoanzia na linapoishia. Sasa mwondoe Kulwa, umweke Ng'wandu. Kanzidata itaona jina limeishia kwenye Ng, na hiyo wandu inayofuata haina maana yoyote kwake. Italikataa swali zima. Karani mwenye foleni mlangoni hana muda wa kubishana na mashine, anaandika Ngwandu. Kesho mwenzake anaandika Mwandu. Mkulima mmoja keshakuwa watu wawili, na ugomvi unasubiri siku ya malipo.

Lawama isiende kwa majina. Aliyeandika programu alichukua kilichoandikwa na karani akakibandika moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL. Na mlango uleule unaomzuia Ng'wandu ndio anaopitia mwizi. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha jina maneno ' OR '1'='1, swali linageuka kuwa: nipe mkulima asiye na jina, au yeyote ikiwa moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote, kwa hiyo orodha nzima inamwagika pamoja na namba za simu. Mbinu hii ilielezwa hadharani tangu 1998 katika jarida la Phrack, lakini mwaka 2015 bado iliiumiza kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza, ambayo ilitozwa faini ya pauni 400,000 mwaka uliofuata. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ushirika wa kijijini unaotunza namba za simu za wanachama nao unahusika.

Kwa wanaotumia JavaScript, dawa iliyozoeleka ni maktaba ya kujengea maswali. Knex ndiyo inayofahamika zaidi. Kysely ni changa zaidi na inapendwa na watumiaji wa TypeScript. Kwa Knex, swali letu linakuwa hivi:

db('wakulima').where('jina', jina)

Maktaba hutunga SQL yenye nafasi tupu mahali pa jina, kisha huipelekea kanzidata jina lenyewe kando. Ni kama fomu iliyokwisha kuchapishwa: ujaze utakachojaza, maswali yake hayabadiliki. Ng'wandu anapita salama, na maneno ya mwizi yanatafutwa kama jina la mtu, ambalo halipo.

Faida ya pili huonekana kwenye ripoti. Meneja leo anataka mauzo ya kata ya Songwa, kesho ya wiki iliyopita, keshokutwa vyote viwili. Kuunganisha maandishi kwa mkono hapo ni kuhangaika na AND iliyozidi au iliyosahaulika. Kwa Knex unaongeza kipande kinapohitajika tu:

let swali = db('mauzo').select('jina', 'kilo')
if (kata) swali.where('kata', kata)
if (tangu) swali.where('tarehe', '>=', tangu)
const majibu = await swali

Hakuna kinachokwenda kwenye kanzidata mpaka ufike kwenye await.

Hata hivyo, ninaona vijana wengi wakiigeuza maktaba hii kuwa hirizi. Knex ina whereRaw, inayokuruhusu kuandika SQL yako mwenyewe. Ukibandika jina humo kwa mtindo wa zamani, umeufungua tena mlango uliokwisha kuufunga. Jina la safu (column) nalo halipitishwi kama thamani, kwa hiyo mtumiaji akichagua ripoti ipangwe kwa safu gani, linganisha chaguo lake na orodha ya safu ulizoziruhusu. Tena ukiandika update ukasahau where, utabadilisha namba ya malipo ya kila mwanachama, na Knex haitakuuliza kama una uhakika.

Kuna mtego mwingine unaowapata wanaotumia PostgreSQL. Jumla ya kilo mara nyingi hurudi kwenye JavaScript ikiwa maandishi badala ya tarakimu. Jumlisha jumla za vituo viwili, 120 na 85, na badala ya 205 utapata 12085. Igeuze kwanza iwe namba.

Na ritifaa yenyewe haijaisha. Simu na programu za kuandikia mara nyingi huigeuza ile iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni ileile, kwa kanzidata ni herufi mbili tofauti, hivyo Ng'wandu aliyesajiliwa kwa kompyuta hatapatikana akitafutwa kwa simu. Swali halitakataliwa, litarudi tupu. Hilo Knex haitakusaidia: zigeuze zote kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Kwa hiyo jifunze SQL kwanza. Anayeanzia Mhunze au Maganzo, hapa Kishapu, hahitaji seva ya kulipia: SQLite, iliyotoka mwaka 2000, huweka kanzidata nzima ndani ya faili moja, Knex inaielewa, na vikishasakinishwa havihitaji bando. Kila swali unaloandika, liitie toSQL() na usome kilichotungwa kabla ya kukituma. Usichokielewa hapo, usikiweke kwenye mfumo wa malipo ya watu.