Mafundi wa Mwambao (5): Fundi Anapochelewa

Habari za ukarabati wa jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, zimerudi vinywani mwa watu, na lawama zile zile zimefuatana nazo: kazi haiendi, mafundi wanachelewa. Kutoka hapo maneno huhamia haraka kwa fundi wa mtaani, yule anayeahidi saa mbili asubuhi akatokea alasiri. Kabla ya kumhukumu, nataka tuangalie chokaa, ambayo katika sehemu iliyopita niliigusa juu juu tu.

Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa hadi joto lifike nyuzi 900 hivi. Yakishapoa humwagiwa maji. Hapo huchemka yenyewe, yakatoa mvuke na kufumuka kuwa unga mweupe. Mafundi wa zamani waliiacha chokaa hiyo ikae muda mrefu ndipo waichanganye na mchanga. Tena ukutani haikauki kama udongo. Huvuta hewa ya ukaa iliyopotea motoni, ikarudi kuwa jiwe taratibu, kuanzia nje kwenda ndani. Kwa hiyo lipu yake hupigwa kwa matabaka membamba. Fundi hupiga la kwanza, hulinyunyizia maji, huondoka, hurudi siku nyingine. Anayelazimisha tabaka la pili mapema ataziona nyufa kabla hajaosha mwiko.

Na si chokaa peke yake. Boriti za mikoko zilikuja kwa jahazi kutoka Rufiji na Lamu, na urefu wake, usiofika mita 3, ndio uliopima upana wa vyumba. Matumbawe mororo ya nakshi huchongeka yakiwa mabichi kutoka baharini. Yakikauka huwa magumu. Nenda Kilwa Kisiwani ukaitazame Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Waakiolojia wanaona halikupata kumalizika. Sultani wa mji tajiri kama ule, naye alisubiri.

Ndiyo maana sina haraka na Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, aliijenga mwaka 1883, akaunganisha nguzo za chuma na kuta za matumbawe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka kazi ikiendelea, watu wawili wakafa. Inaniuma kila nikipita Mji Mkongwe nikaona mwenye nyumba aliyechoka kusubiri ameziba ukuta wa chokaa kwa saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka mapande mapande, ikaondoka na jiwe.

Fundi wa leo wa Mbagala au Kisauni hana udhuru wa chokaa, maana saruji hukaza kwa saa chache. Yeye anabanwa na fedha. Anapokea advansi ya kazi ya tatu hajamaliza ya kwanza, kwa kuwa hajui ya nne itatoka wapi. Akibandua vigae vya bafu la mtu anakuta bomba limeoza nyuma yake, na asubuhi aliyokuahidi wewe imekwisha. Saidia fundi wake naye akikosa nauli, zege anachanganya mwenyewe. Sisi wenye nyumba tunampunja bei, tunamcheleweshea salio, kisha tunadai awahi. Hilo ni dhuluma, na tuliache. Lakini kuzima simu nako ni dhuluma, na fundi mwenye heshima ya kazi yake hafanyi hivyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wanafanya jambo jema kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Ningependa makadirio ya muda yafundishwe sambamba na timazi na pimamaji.

Kwa sasa, anayemngoja fundi Jumatatu ampigie Jumamosi, amwulize kazi aliyonayo imefika hatua gani na vifaa gani havijanunuliwa. Akijibu kwamba bado anabomoa, ampangie siku nyingine hapo hapo. Sehemu ijayo tutaingia kwenye milango, na wachongaji wa Lamu.