Kurushiana Mafaili: Funzo la Kauli ya Kutendana

Kitenzi ruka kimezaa rusha, na rusha kikazaa rushia na rushiana. Maana ya asili ya rusha ni kukifanya kitu kiende hewani, kama jiwe au mpira. Katika miji ya machimbo ya Geita na Shinyanga, kama ilivyo popote penye simu za mkononi, rushiana imepata maana ya pili: kupelekeana wimbo, picha au faili lolote kutoka chombo kimoja hadi kingine. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba kiambishi -an- kilichomo katika neno hilo hulieleza jambo lenyewe barabara, na kwamba akielewaye anazo tayari kanuni za usalama na adabu zinazohusika.

Yafaa kwanza kuitenga rushiana na gawana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wakitoa mawe katika duara, yaani shimo lao, mifuko hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Kila mfuko uendao kwa mmoja huwapungukia wengine. Wimbo hauko hivyo. Mchimbaji wa Katoro akimrushia mwenziwe wimbo kwa Bluetooth, wake hubaki. Palipokuwa na nakala moja sasa pana mbili. Maadamu hakuna kilichopungua machoni, ni rahisi kudhani kwamba hakuna aliyepunjwa. Kumbe yuko: ni mwimbaji, ambaye fungu lake halikuhesabiwa.

Kurushiana kwa simu hutokea baina ya watu wanaoonana. Intaneti imelipanua jambo hilo hadi kwa watu wasiojuana. Mwaka 1999 ilitokea Marekani programu ya Napster, iliyowawezesha watu kuchukuliana nyimbo katika kompyuta zao. Ilifungwa mwaka 2001 kwa sababu ya kesi za hakimiliki. Mwaka huo huo Bram Cohen alitoa BitTorrent, ambayo hulikata faili vipande vingi. Apokeaye kipande huanza kuwapa wengine kipande hicho hata kabla hajalipata faili zima, na programu humpendelea atoaye: ni nipe nikupe. Kwa hiyo neno pakua, ambalo asili yake ni kuteremsha shehena au kutoa chakula chunguni, halitoshi hapa, kwani ladokeza kuchukua tu. Katika njia hii kila mpokeaji ni mtoaji pia, na hiyo ndiyo maana ya -an-.

Katika maana hiyo yatoka mambo matatu. La kwanza ni la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki juu ya kunakili na kusambaza kazi yake, na hulinda sanaa za jadi vilevile. Mtu adhaniye kwamba amejichukulia wimbo wa kusikiliza peke yake huenda amekwisha kuusambaza kwa wageni. Hata hivyo njia yenyewe si haramu. Mifumo ya kompyuta ya Linux hutolewa hivyo kwa idhini ya wenyewe.

La pili ni la usalama. Washiriki huweza kuonana anwani zao za intaneti, na asiyeangalia huweza kufungua hazina yake yote badala ya folda moja aliyoikusudia. Programu huhakiki kila kipande, lakini uhakiki huo wathibitisha tu kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Ikiwa sumu ilitiwa tangu mwanzo, sumu hiyo itafika nzima. Faili liitwalo wimbo, na huku jina lake laishia kwa .exe au .apk, si wimbo bali ni programu. Memori kadi ipelekwayo kibandani kutiwa nyimbo nayo yaweza kurudi na virusi, na picha zilizomo zaweza kubaki huko. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

La tatu ni adabu. Aliyekwisha kupata faili zima hupaswa kukaa kidogo awape wengine kadiri ile aliyopewa. Anayeondoka mara moja ni kama ruba, hunyonya akajiendea. Lakini kutoa nako hula bando, na katika ofisi au chuo huwapunguzia wengine kasi. Basi heri kuiwekea programu mpaka, na kuchagua saa ambazo wengine wamelala.

Wataalamu wa lugha wanahusika zaidi ya wengi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010. Leo mtafiti hurekodi kwa simu, na wimbo wa jembe ulioimbwa asubuhi huweza kufika nchi nyingine jioni, bila jina la mwimbaji wala la kijiji. Kabla ya kuurusha, hana budi kupata idhini ya waimbaji kwa maneno wanayoyaelewa, na kuandika ndani ya faili majina yao kama wametaka, mahali na tarehe. Nao watunga kamusi, wakiingiza maana hii mpya ya rushiana, wasiifasiri kwa "kupokea" peke yake.