DHAMANA IKIISHA, HAKI HAIISHI



Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo halikosi kuifikia kila nyumba yetu hapa Uingereza: chombo ulichokinunua kwa fedha zako za halali kinapokufa muda mfupi baada ya dhamana yake kwisha. Tutalieleza kwa kisa kilichotupata wenyewe, kwani mwalimu, hata akistaafu, hulifundisha vyema zaidi somo lililomchapa yeye kwanza.

KISA CHENYEWE

Mnamo Novemba 2023 kijana wetu alitununulia saa janja, yaani ile saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, kupokea simu na kukumbusha nyakati za Sala. Bei yake ilikuwa pauni 240. Tulimwambia kwamba saa yetu ya zamani bado yaenda vizuri, wala hatuoni haja ya nyingine. Akatujibu: "Baba, hiyo yako inakwambia wewe ni saa ngapi. Hii itaniambia mimi kama umeanguka."

Hatukuyatia maanani maneno yake mpaka Januari 2025. Alfajiri moja, tukitoka kwenda msikitini, tuliteleza kwenye barafu iliyoganda mlangoni, tukalala chini tusiweze kuinuka. Saa ile ikalia, na ilipoona haijibiwi, ikaita msaada na kumpelekea kijana wetu habari. Alhamdulillah, hatukuvunjika mfupa. Tangu siku hiyo hatukuiita tena mchezo wa watoto.

Aprili 2025, katika mwezi wa 17 tangu inunuliwe, kioo cha saa kilianza kujiinua upande mmoja. Siku ya tatu ikazima, isiwake tena. Dhamana ya kiwanda ilikuwa ya miezi 12 tu.

Tulikwenda dukani ilikonunuliwa. Mtumishi alitupokea kwa adabu, akaitazama tarehe kwenye risiti, akasema: dhamana imekwisha miezi mitano iliyopita, kwa hiyo duka halina la kufanya, lakini tukitaka kununua nyingine, tutapunguziwa bei. Nasi tukafanya nini? Tukamshukuru, tukatoka.

Hapo ndipo penye aibu ya kisa hiki, nasi hatuoni vibaya kuikiri. Wengi wetu tuliofika nchi hii tungali vijana tulijifundisha kunyamaza. Mgeni hana neno, tulisema. Tukiulizwa sana tutaonekana wakorofi, au Kiingereza chetu kitachekwa. Tabia hiyo ilitusaidia kuishi kwa salama, lakini imetupotezea mali nyingi.

SHERIA YASEMAJE?

Tulipofika nyumbani tulivaa miwani, tukasoma. Sheria inayohusika ni ile ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015. Kwa Kiingereza huitwa Consumer Rights Act 2015, na jina hilo lishikeni hivyo hivyo, kwani ndilo mtakaloliandika katika barua zenu.

Sheria hiyo yataka kila kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuridhisha, kifae kwa kazi iliyokusudiwa, na kilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuzwa. Na katika hesabu ya ubora, sheria imetaja wazi uwezo wa kitu kudumu. Maana yake ni kwamba kitu hakitoshi kuwa kizima siku ya kununuliwa. Yatakiwa kidumu kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu angeutarajia, akizingatia bei yake na maelezo yake. Saa ya pauni 10 haitazamiwi kama saa ya pauni 240.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Dhamana ni ahadi ya hiari, na aghalabu hutolewa na kiwanda. Haki ya kisheria haitokani na ahadi ya mtu, na yamkabili muuzaji aliyepokea fedha zako. Ya kwanza huongezwa juu ya ya pili, wala haiifuti. Na muuzaji hana ruhusa ya kuiondoa haki hiyo kwa maandishi madogo nyuma ya risiti. Kwa hiyo mtumishi anapokwambia, "Nenda kaulize kiwandani," anakupeleka kwa asiye mdaiwa wako.

Je, haki hiyo yadumu muda gani? Katika Uingereza yenyewe, Wales na Ireland ya Kaskazini, mtu ana miaka 6 ya kufungua madai. Scotland ni miaka 5. Lakini tahadharini: hii si dhamana ya miaka 6. Ni muda wa kufikisha madai mahakamani, wala haina maana kwamba kila chombo chatakiwa kiishi miaka 6.

MZIGO WA KUTHIBITISHA

Sheria imeugawa wakati katika mafungu. Katika siku 30 za mwanzo, kitu kikidhihirika kuwa kibovu, mnunuzi aweza kukirudisha na kupewa fedha zake zote. Zikipita siku hizo, muuzaji hupewa nafasi moja ya kukitengeneza au kukibadilisha, katika muda wa kiasi na bila ya kumsumbua sana mnunuzi. Akishindwa, au jambo lenyewe likiwa haliwezekani, mnunuzi aweza kudai apunguziwe bei, au akirudishe kitu na kulipwa.

Hitilafu ikitokea ndani ya miezi 6, sheria huichukulia kuwa ilikuwamo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha kinyume chake. Baada ya miezi 6 mzigo humgeukia mnunuzi: yeye ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ubaya ulitoka na kitu chenyewe, wala haukuletwa na kuanguka, uzembe au uchakavu wa kawaida. Kadhalika, ukirudisha kitu baada ya miezi hiyo, muuzaji ana haki ya kukata sehemu ya fedha kwa matumizi uliyokwisha kuyapata.

Wale waliosoma fiqhi watatambua kwamba jambo hili si geni kwetu. Wanavyuoni wametufundisha khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa kitu, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha. Swali ni lile lile: je, aibu ilikuwamo au imezuka mkononi mwa mnunuzi? Na sote twakijua kisa cha Bwana Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kuna umaji uliofichwa na ukavu wa juu, akamkemea muuzaji. Kudai haki yako kwa njia njema, basi, si ukorofi.

TULIVYOFANYA

Kwanza, tulimpelekea saa fundi asiye na uhusiano na duka wala kiwanda, tukamlipa pauni 40 aichunguze na kutuandikia ripoti. Akaona kwamba betri imevimba na kukisukuma kioo. Hakuona alama ya kupigwa wala dalili ya maji kuingia kabla ya kioo kuinuka. Akatuonya vilevile tusijaribu kukibonyeza kioo kirudi, wala tusiichaji saa hiyo, wala tusiitupe katika pipa la taka la nyumbani, kwani betri za lithiamu zilizovimba zaweza kushika moto. Onyo hilo tunawafikishia nanyi. Betri kama hizo hupelekwa mahali maalumu pa kukusanyia.

Pili, tukaandika barua. Hapo tulikumbana na mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba sisi tuliovaa saa hatukuwa wanunuzi; mkataba ulikuwa baina ya duka na kijana wetu. Barua ikabidi iandikwe kwa jina lake, naye aitie sahihi. Anayepewa zawadi, basi, amwombe aliyeinunua amsaidie.

La pili ni la amana. Kijana wetu alitaka tuandike kwamba saa haikuguswa na maji kabisa. Tukamwambia hapana. Wakati wa kutawadha tulikuwa tukiivua, lakini mvua ya nchi hii imeinyeshea mara nyingi. Tukaandika hivyo hivyo, na kuongeza kwamba maelezo ya muuzaji yalisema saa hiyo yaweza kuvaliwa hata na mwenye kuogelea. Kumbe ukweli ule haukutudhuru. Ulitupa hoja ya pili.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja: siku iliponunuliwa, bei, siku ilipoharibika, alichosema fundi, jina la sheria, na tunachokitaka, yaani itengenezwe au ibadilishwe, na isipowezekana turudishiwe fedha, yakikatwa makato ya haki kwa miezi iliyotumika. Tukawapa siku 14. Tulitia nakala ya risiti na ripoti, tukabaki na zile za asili.

Jibu la kwanza lilikuwa lile lile: dhamana imekwisha. Tukaandika tena, kwa upole, kwamba hatukudai kwa dhamana bali kwa sheria, na kwamba wasipokubali tutakwenda mahakama ya madai madogo. Baada ya siku 9 meneja akapiga simu. Saa za namna ile, alisema, hazipo tena wala hazitengenezwi. Akatoa pauni 150 pamoja na zile 40 za fundi. Tukakubali. Tulikuwa tumeitumia saa ile miezi 17, na ilitusitiri siku ya barafu; kudai pauni zote 240 kungekuwa ni kudai zaidi ya haki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni risiti zote katika jalada moja, na zile zinazofifia wino zipigwe picha au kopi. Ikipotea, taarifa ya benki yaweza kuwa ushahidi wa kununua.

Aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana mlango wa pili. Kwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kitu kimoja chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000 humfanya mwenye kadi, yaani benki, awe mdaiwa pamoja na muuzaji. Wapo miongoni mwetu wanaojiepusha na kadi hizo kwa kuchelea riba, nasi hatumshawishi mtu. Twaeleza tu sheria ilivyo. Kadi ya kawaida ya benki ina utaratibu wake wa kurudisha fedha, lakini huo si sheria, na muda wake ni mfupi.

Ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, sheria ya ubora haikusaidii. La muhimu ni kwamba kitu kiwe chake cha kuuza na kilingane na alivyokieleza. Na ukinunua kwa njia ya intaneti, tazama kwanza muuzaji hasa ni nani na yuko nchi gani. Haki dhidi ya muuzaji aliye ng'ambo ni ngumu kuitekeleza.

Jamaa zetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya wana utaratibu wao: muuzaji huwajibika kwa muda usiopungua miaka 2 kwa kasoro iliyokuwamo katika kitu kipya, hata ikiwa dhamana ya kiwanda ni fupi zaidi.

Mwenye kukwama asiende kwa wakili mara moja. Shirika la Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo. Na madai ya fedha yasiyozidi pauni 10,000 katika Uingereza na Wales husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, ambapo mtu aweza kujisemea mwenyewe. Kuna ada ya kufungulia, na ukishinda, kwa kawaida mdaiwa huamriwa akurudishie. Tangu Mei 2024, madai mengi ya aina hii hupitishwa kwanza kwa msuluhishi, kwa simu.

Mwisho, tuwe wakweli. Chombo ulichokiangusha mwenyewe usikipeleke dukani ukadai kimekufa chenyewe. Anayedanganya humharibia na yule atakayekuja kesho na haki yake mkononi, naye pengine atakuwa ni jirani yako.

Fedha zile kijana wetu aliziongeza, akanunua saa nyingine. Katika majuma yale tuliyokaa bila ya saa, alizoea kutupigia simu kila siku baada ya Alfajiri kuuliza kama tumerudi salama kutoka msikitini. Saa mpya tunayo sasa, na simu yake bado inalia kila alfajiri. Hiyo, ndugu zetu, haina dhamana ya kiwanda chochote, na tunamwomba Mwenyezi Mungu aidumishe.

Ukurasa huu mwaweza kuukata na kuutia katika jalada la risiti.

Wabillahi tawfiq.