Pungu na Bawa Lisilo Mkia

Uinuapo macho juu ya mapori ya Nachingwea wakati wa jua kali, huenda ukamwona pungu, yule tai ambaye mkia wake ni mfupi hata miguu huupita arukapo. Huelea pasipo kupiga mbawa, akijiyumbisha kulia na kushoto. Na ajabu ni hii: kinda lake lina mkia mrefu zaidi, nao hufupika kila abadilipo manyoya, hata atimize miaka kama saba.

Mkia wa nini basi? Huzuia pua isipande mno wala isizame. Abbas bin Firnas wa Cordoba, aliyefariki mwaka 887, alijaribu kuruka kwa mbawa. Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, asimulia kwamba aliumia mgongo aliposhuka, kwa kuwa hakujifanyia mkia. (Tusimcheke, ni wangapi waliothubutu?)

Tangu 1933 ndugu wawili wa Kijerumani, Walter na Reimar Horten, walirusha eropleni zisizo na injini wala mkia. Uzito waliuweka mbele, ili pua ikipanda upepo uirudishe chini. Lakini kwa hilo peke yake pua ingezama daima. Kwa hiyo mabawa yalielekezwa nyuma na ncha zake zikapotolewa kidogo, zikafanya kazi ya mkia.

Vijana na wajaribu kwa bawa la karatasi. Likiachwa hivi hivi hupinduka. Bandika donge dogo la nta puani, ukunje ukingo wa nyuma juu kidogo sana: litateleza mpaka ukutani. Nta ikizidi, huchoma chini. Ikipungua, huinua pua, husita, kisha huanguka.